Bwana Nyuzi na Jiko Lililokuwa Zima

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi wetu wa umeme wa jikoni anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kuitumikia hospitali hii. Ana jina lake kamili, refu na zuri, lakini ukilitaja pale jikoni watu watakuuliza unamtafuta mgonjwa wa wodi ipi. Sisi tunamwita Bwana Nyuzi, kwa sababu kwake kila kitu kina nyuzi joto zake: bamba la kukaangia, maji ya chai, hata hasira za Mpishi Mkuu, ambazo kwa kipimo chake hazijawahi kushuka chini ya mia na themanini.

Kamati ya maagano imeniomba mimi, mtunza stoo ya jikoni, niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Katibu wa kamati alinipa masharti mawili: nisizidi ukurasa mmoja, na niwe mchangamfu. La kwanza nimeshalivunja, na hana la kunifanya, kwa kuwa karatasi na wino wa kuchapia vinatoka stoo. La pili nitajitahidi. Ila niseme mapema ili msomaji asije akashangaa huko mbele: mimi sitaki aondoke. Anahamia kwa binti yake, safari ya siku nzima kutoka hapa, na tangu niliposikia habari hiyo chakula nakila tu, ladha siioni. Haya, sasa tuendelee na uchangamfu.

Bwana Nyuzi alipoajiriwa, jikoni kulikuwa na vita. Wazee wa kazi mnalikumbuka lile jiko la bamba, refu, la umeme, lenye chuma kipana ambacho kila asubuhi kilikaanga mayai, nyama na samaki wa wagonjwa na watumishi. Lilikuwa na vishikio vitatu vya kuzungusha, vyenye namba za joto, kila kimoja kikitawala theluthi yake ya bamba. Upande wa kulia uliunguza kila kilichowekwa. Wa kushoto ulitoa mayai yanayotembea kwenye sahani. Wapishi walikuwa wakigombania katikati kama watoto wanaogombania dirisha la gari, na aliyepangiwa kulia aliambiwa ana mkono wa moto na hafai kuachiwa hata birika.

Mafundi waliomtangulia walibadilisha koili, wakabadilisha waya, wakaondoka. Yeye hakubadilisha kitu. Alikwenda kumsalimia mama wa usafi na kumuuliza analisafishaje jiko lile, maana linang'aa kuliko yote aliyowahi kuyaona. Mama wa usafi, kwa fahari, akamweleza kwamba kila Jumamosi huvivua vile vishikio vyote, huviloweka kwenye beseni la sabuni, huvisugua kwa mswaki, kisha huvirudisha.

"Unavirudisha wapi, mama?"

"Popote panapoingia, mwanangu. Si vinafanana?"

Vilifanana kweli, lakini kila kimoja kilikuwa kimepimwa pamoja na themostati yake, kile kifaa cha ndani kinachokata umeme bamba likishapata joto lake. Kila Jumamosi tulikuwa tunavipa vishikio makazi mapya, na kila Jumatatu tunamlaumu mpishi. Bwana Nyuzi hakumwaibisha mama wa watu. Alimshukuru kwa usafi, kisha akaja dirishani kwangu.

Hiyo ndiyo siku niliyomwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwembamba, mwenye kisanduku cha vifaa begani na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri kwenye mfuko wa shati. Akaomba rangi kidogo, nyekundu kama ipo. Stoo ilikuwa na rangi ya ukuta tu, ya ndoo, rangi ya maziwa, ambayo ingetosha kupaka hospitali nzima. Nikamwambia asubiri, nikafungua mkoba wangu na kumpa rangi ya kucha. Akaigeuza ile chupa mkononi, akanusa, akasema itafaa. Alivijaribu vishikio hadi kila kimoja kikapata themostati yake, akatia nukta moja kwenye cha kwanza, mbili kwenye cha pili, tatu kwenye cha tatu, na nukta kama hizo kwenye mwili wa jiko. Vita ikaisha siku hiyohiyo. Chupa alinirudishia jioni, kifuniko amekikaza kifundi hadi ikabidi nitumie koleo kuifungua.

Wengi wenu mmemwona akipiga magoti mbele ya lile bamba bila kujua anafanya nini. Nieleze basi, maana nimemtazama kupitia dirisha la stoo kuliko nilivyowahi kutazama televisheni. Kwanza alizima umeme ukutani na kutia kufuli dogo kwenye swichi, ufunguo mfukoni. Kisha alikwangua bamba, akatoa trei ya mafuta, akafungua paneli ya mbele na kukaza kila waya, kwa sababu joto hulegeza skrubu polepole. Koili alizipima kwa mita, moja baada ya nyingine. Akimaliza aliwasha, akavipeleka vishikio vyote mia na themanini, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kusubiri. Hapo ndipo wengine hukosea. Taa ya jiko ikizimika mara ya kwanza wao hupima palepale, wakati bamba limeshapitiliza. Yeye aliiacha iwake na kuzimika, iwake na kuzimika, mpaka bamba litulie. Ndipo alipodondosha tone la mafuta katikati ya kila theluthi, akaweka juu yake ncha bapa ya kipimajoto na kusoma. Bamba likiwa mia na tisini na kishikio kinadai mia na themanini, alikivua kishikio, akaingiza bisibisi nyembamba kwenye kijiskrubu kilichojificha mle ndani, akakizungusha kiasi ambacho macho yangu hayakuwahi kukiona. Halafu akasubiri tena. Sijapata kumwona mwanamume mwenye subira kama ile, na kuna wakati subira hiyo ilinikera sana, lakini hilo nitalifikia.

Mwisho kabisa alipanga slesi za mkate kwenye bamba zima, safu kwa safu, pembe kwa pembe. Alizigeuza kwa mpangilio uleule aliozilaza. Zikitoka zote rangi moja, kazi imekwisha na jikoni kote wanakula mkate. Ikitoka hata moja imepauka, anaanza upya na hakuna anayekula. Mpishi Mkuu alikuwa akimwambia, "Fundi, mkate ni mkate tu, acha tule!" Yeye humwonyesha ile slesi iliyopauka kama daktari anavyoonyesha picha ya mfupa uliovunjika.

Lile kufuli lake nalo lina habari yake. Siku moja walikuja wageni wakubwa kutoka makao makuu, na chai yao ikawa inasubiri mayai. Bamba lilikuwa wazi, nyaya nje, kufuli kwenye swichi. Alitumwa mtu wa kwanza kumwomba awashe, akatumwa wa pili, wa tatu akaja anakimbia. Bwana Nyuzi akaendelea kukaza skrubu zake bila haraka. "Wageni wataongezewa chai," alisema. "Mkono wa mpishi hauna spea." Wageni waliongezewa chai mara mbili, na katika miaka yake yote hakuna mpishi wetu hata mmoja aliyepigwa na umeme. Nadhani hayo ni mafanikio yanayostahili kuandikwa kwa herufi kubwa, lakini katibu ameniambia nisipoteze wino.

Wanaosema hajui kupaza sauti hawakuwepo siku mpishi mgeni alipoinua ndoo ya maji ya baridi ili alimwagie bamba likiwa moto, akidhani ndivyo linavyosafishwa upesi. Bwana Nyuzi alikuwa upande wa pili wa chumba. Alipiga ukelele wa "Majiii!" hadi daktari aliyekuwa akipita kwenye korido akaingia mbio na kuuliza nani ameanguka. Hakuna aliyeanguka. Bamba lingepinda tu, na bamba likishapinda halipimiki tena. Daktari alipewa mkate, akaondoka ameridhika.

Sasa naomba mnivumilie, maana sehemu inayofuata haikuombwa na kamati.

Mwaka aliofariki mume wangu, nilirudi kazini nikiwa mtu wa kuhesabu maharage bila kusikia nikisalimiwa. Wenzangu mlinipa pole nyingi na sijazisahau. Bwana Nyuzi alikuwa amemzika mkewe miaka michache nyuma, na yeye hakunipa maneno. Alimaliza kupima bamba, akachagua slesi mbili zilizoiva sawasawa, akazifunika kwa kile kitambaa chake cheupe na kuziweka dirishani. "Dada Stoo," akasema, "kula zingali moto." Nikazila nimesimama katikati ya magunia ya mchele, na nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Yeye alibaki upande wake wa dirisha, amenipa mgongo, anajifanya anachunguza soketi iliyokuwa nzima.

Tangu siku hiyo kila alipopima jiko alileta slesi mbili, nami nilichemsha chai. Tulikunywa mimi ndani, yeye nje, dirisha katikati yetu. Tulizungumza habari za watoto: binti yangu anayesomea uuguzi, binti yake aliyeolewa mbali na wajukuu wanaovunja kila kitu chenye waya. Alinieleza jinsi nyumba inavyokuwa kimya mtu akiishi peke yake, hadi unaisikia friji ikipumua. Nikamwambia yangu pia inapumua. Tukacheka, na chai ikapoa.

Kanuni ya hospitali inataka jiko la bamba lipimwe kila baada ya miezi mitatu. Mtaona wenyewe kilichotokea. Miezi mitatu ikawa miwili, miwili ikawa mmoja, na mwisho wake kila wiki Bwana Nyuzi alikuwa na jambo na lile bamba. Mara amesikia linaguna. Mara taa yake inamtia shaka. Mara amekuja kuhakikisha kwamba alichokihakikisha wiki iliyopita bado kimehakikishika. Binti yangu alipita siku moja kuchukua ufunguo wa nyumba, akasimama, akatazama, akaninong'oneza: "Mama, jiko liko kule. Mbona fundi yuko huku?" Nikamfukuza. Wapishi nao wakaanza kumwita shemeji. Akitokea tu mlangoni, Mpishi Mkuu anapaza sauti, "Shemeji kafika, ongezeni maji ya chai!" Naye huinua macho darini kama aliyeona waya unaohitaji kukaguliwa.

Mimi ni mwepesi wa kusema. Muulizeni yeyote aliyewahi kuja kuchukua sukari bila kibali. Lakini kwa hilo moja ulimi uliniganda. Nilingoja yeye aanze. Yeye naye, kama nilivyowaeleza, alikuwa anasubiri bamba litulie.

Kisha akaja meneja mpya, mtu mwema, mchapakazi, asiye na muda wa utani. Kila alipopita jikoni alimkuta fundi amepiga magoti mbele ya jiko lilelile. Akamuuliza Mpishi Mkuu lina nini. Mpishi Mkuu, kwa kinywa chake kile mnachokijua, akajibu, "Ah, hilo bosi lina maradhi yasiyopona," na akacheka hadi akashika meza. Meneja hakucheka. Alikwenda ofisini kwake akaomba jiko jipya.

Lilikuja Februari. Ni zuri, siwezi kulisema vibaya: lina kioo, lina namba zinazowaka, na lina karatasi ya muhuri kwenye paneli inayosema likifunguliwa na mtu asiyetoka kwa muuzaji, dhamana imekufa. Watu wanne walikuja na toroli kulitoa la zamani. Bwana Nyuzi aliwaomba wangoje kidogo. Akalipangusa bamba lote kwa kitambaa chake cheupe, pembe kwa pembe, kama linarudi kazini kesho, kisha akawasaidia kulisukuma hadi nje.

Katika mkutano wa watumishi, meneja alimshukuru hadharani kwa kuhangaika miaka yote hiyo na jiko lililokuwa likisumbua. Jiko lile halikuwa likisumbua. Lilikuwa zima kabisa, pengine ndilo jiko zima kuliko yote nchini. Angeweza kusimama na kusema hivyo. Lakini angeulizwa: kama lilikuwa zima, kila wiki ulikuwa unafuata nini kule? Basi Bwana Nyuzi akatazama viatu vyake. Mimi, niliyekuwa safu ya pili, nikatazama vyangu. Tulipotoka, Mpishi Mkuu alinishika mkono kwenye korido, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane alisema kwa sauti ya chini. "Jiko lilikuwa zima, mwenzangu," alisema. "Mgonjwa ni fundi. Na wewe nakuona unakohoa."

Kwa kuwa jikoni hakukubaki cha kutengeneza, fundi wetu alipelekwa wodini kushughulikia feni na taa, ghorofa mbili juu yangu. Balbu na vifaa vya kule hutoka stoo ya juu, si kwangu. Wauguzi wanasema feni zote sasa zinazunguka bila kelele, nami nimefurahi kwa ajili ya wagonjwa. Niseme nini tena? Nilibaki na dirisha. Bisibisi ikianguka popote kwenye korido nilinyanyua kichwa, na mara zote alikuwa fundi bomba, ambaye ni mtu mzuri lakini si yeye. Jiko jipya nalo huoka mkate vizuri. Wapishi waliniletea slesi siku ya kwanza, kwa huruma, na nikawashukuru, na sikuzila.

Mwezi uliopita alikuja. Hakuwa na kisanduku begani, na mikono alikuwa hajui pa kuiweka. Akasimama dirishani akaomba fyuzi.

"Ya mashine ipi, Fundi?"

Alifikiri sana. "Sina mashine," akasema.

Mtunza stoo akiombwa kitu hukitafuta. Ndivyo nilivyozoea na ndivyo nilivyofanya. Nikaingia ndani kabisa, kwenye rafu za nyuma, nikawa naangusha maboksi, natafuta fyuzi ambayo haikuwa ya mashine yoyote. Niliporudi na boksi zima, alikuwa ameitwa chumba cha upasuaji, taa imekataa kuwaka. Kesho yake tukasikia kwamba ameandika barua ya kukubali kustaafu tarehe yake ikifika, bila kuomba mkataba wa nyongeza, na kwamba binti yake amemwandalia chumba.

Hiyo ndiyo kazi yake, na huyo ndiye yeye. Katibu amenikumbusha kuwa wasifu humalizwa kwa shukrani na kumtakia mstaafu heri. Basi, Fundi, sasa naongea na wewe.

Wapishi wanakushukuru kwa mikono yao, ambayo bado wanayo yote. Wauguzi wanakushukuru kwa feni. Mpishi Mkuu anakushukuru, na ameniomba nisiandike kwamba alilia, kwa hiyo siandiki. Meneja anakushukuru, na akisoma haya atajua kwamba alinunua jiko bila sababu. Asikasirike, linapika vizuri. Sote kwa pamoja tunakutakia maisha mema, afya njema, usingizi wa mchana, na wajukuu wanaosikia wakiambiwa wasiguse. Hayo ni ya wenzangu, na nimeyafikisha kama nilivyotumwa.

Ya kwangu ni haya. Nilikuwa nakukosa hata ulipokuwa ghorofa mbili tu juu yangu. Sijui nitafanya nini ukiwa mbali kwa safari ya siku nzima. Binti yako ana haki ya kukaa na baba yake, na mimi sina haki yoyote, kwa kuwa wewe hukuwahi kuuliza na mimi sikuwahi kusema. Sasa nasema, tena kwenye karatasi ya hospitali, mbele ya watumishi wote: hapakuwa na haja ya jiko. Ungekuja mikono mitupu, siku yoyote, ningekumiminia chai.

Nimeambiwa tiketi yako ni ya basi la Jumapili, asubuhi na mapema. Wenzetu watakuja stendi kukusindikiza. Watakubebea mizigo, watakupungia mikono, watakutakia safari njema. Mimi sitakuja, maana maneno hayo yatanishinda. Mimi, Fundi, nakutakia kwa moyo wangu wote uachwe na basi.